Mbuzi Hakurudi Mlimani

Mwalimu wa Tano hakuipanda baiskeli yake. Aliisukuma. Kila asubuhi tulimwona akija kandokando ya barabara ya Bukavu, koti la kijivu mwilini hata pale jua la tambarare lilipokwisha kuanza kuuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine katika mfuko wa chaki. Vijana wa pikipiki pale Luvungi, ambao baiskeli waliiita kinga, walimtania.

"Mwalimu, hiyo kinga yako iko mugonjwa ao?"

"Hii ni mwanafunzi wangu," aliwajibu. "Ninaitembeza ijue njia."

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nimekuwa mtu wa kuuliza kila kitu, lakini hilo sikuwahi kuliuliza. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na alikuwa amelifundisha miaka mingi hata namba ile ikawa jina lake. Baba yangu alipita mikononi mwake. Akapita kaka yangu, nikapita mimi, na mbele yangu alipita Riziki, binti wa baba mkubwa, aliyekuja kuishi kwetu baada ya baba yake kufariki. Ni kwa ajili ya Riziki ninaandika. Ingekuwa kwa ajili yangu peke yangu, ningemsifu Mwalimu wa Tano mpaka wino uishe.

Na nitamsifu kwanza, maana sifa zake ni za kweli, na ndizo zinazouma.

Katika kalasi yake wavulana walifagia. Wasichana walifuta ubao na kushika ufunguo wa kabati. Siku moja alikuja mzazi, mkulima mwenye sauti kubwa, akasimama mlangoni na jembe begani.

"Mwalimu! Mutoto wangu mwanaume anashika fagio? Weye uko namufundisha kuwa bibi ya nani?"

"Ninamfundisha kuona vumbi," alijibu Mwalimu bila kugeuka. "Baba yake halioni. Angalia miguu yako."

Tulicheka wote, na mwenye jembe mwishowe akacheka pia, akakung'uta miguu, akaondoka. Ndivyo alivyokuwa akishinda. Hakugombana na mtu. Alimchekesha, na mtu akiwa bado anacheka, jambo lilikuwa limekwisha kupita.

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta mahali pengine, hata univasite. Kengele ya mwisho ikilia, hakuna aliyetoka mpaka msichana aulize swali. Wavulana, alisema, wameuliza tangu asubuhi. Alikaa ukingoni mwa meza, akajifuta chaki vidoleni, akasema, "Ninangoja." Sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili: swali likishaulizwa, yeye naye hakuruhusiwa kutoka kabla hajalijibu. "Na nikilikimbia," alituambia, "musitoke. Mukae hapohapo mpaka nirudi."

Riziki hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, akikaa amejikunja ili asionekane. Siku moja, mimi nikiwa dirishani nikimngoja turudi pamoja, mvua ilikuwa inakuja kutoka mlimani, wavulana wana njaa, na Mwalimu amekaa pale ukingoni mwa meza akimtazama yeye tu.

"Riziki, weye! Si uulize tu? Njaa iko natumaliza!" walimnong'oneza.

Aliinua mkono. Aliuinua kwa namna yake, kiwiko amekishika kwa mkono wa pili, kana kwamba ni mzigo unaohitaji msaada.

"Mwalimu, Ruzizi iko naingia mu ziwa kila siku. Mbona ziwa haijae?"

Kalasi ilicheka. Mwalimu hakucheka. Alichora ziwa ubaoni, refu kama tango, Uvira juu, halafu akashuka na chaki mpaka Kalemie, akafuta kidogo ukingoni na kuchora mto Lukuga ukitoka kwenda kukutana na mto Kongo. "Kinachoingia lazima kiwe na pa kutokea," alisema. "Kisipokuwa na pa kutokea, siku moja kitafunika nyumba." Tulirudi nyumbani tumelowa, na hakuna aliyelalamika. Tangu siku ile alimwita Riziki Mama Ziwa. Alimwita hivyo njiani, sokoni, mbele ya watu. Riziki alianza kukaa wima.

Sasa nyumba yake.

Mimi na Riziki tulitumwa kumpelekea mchele baada ya mavuno. Tulimkuta mezani na wanawe wa kiume. Mkewe alipiga magoti kummiminia maji mikononi, mabinti wamesimama nyuma na sahani. Walikula baadaye, jikoni, kilichobaki. Wana wa kiume walisoma sekondari huku Uvira ninakoandikia. Binti mkubwa aliacha masomo alipomaliza msingi. Nilikuwa mdogo na sikujua kunyamaza.

"Mwalimu, hapa wavulana hawafagie?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyumbani si kalasi, binti yangu."

Mkewe hakucheka. Nakumbuka hilo kwa sababu Riziki alinifinya mkono.

Nje ya shule kazi yake nyingine ilikuwa kinywa. Koo za Luvungi, na hata za Bwegera, zilimchukua kuwa msemaji wao siku za posa. Alijua Kifuliiru cha wazee, Kirundi cha majirani, Kifaransa cha kuwatisha wenye viatu. Aliweza kugeuza ugomvi wa ng'ombe ukawa tamasha. Nilimsikia mara moja akiwaambia wakwe: "Hii ng'ombe munasema iko na mimba. Mbona inapumua kama padri amepanda mulima?" Watu walilala chini kwa kicheko, na ng'ombe akabadilishwa.

Hapa lazima nieleze desturi moja, kwa sababu kila kitu kimefungwa kwayo. Zamani kijana akimtorosha msichana, wawili wenyewe wamepatana, watu wa kijana walituma mbuzi nyumbani kwa msichana. Alikuwa mbuzi wa msamaha. Wazazi wakimrudisha mbuzi, kijana alipaswa kumrudisha binti. Wakimchinja na kumla, hasira imeliwa pamoja naye, binti ni bibi, mke wa mtu, na ng'ombe watazungumzwa baadaye. Si mzazi aliyeitikia kwa kinywa chake. Aliitikia msemaji, na neno lake lilikuwa kama msumari. Liling'olewa na yeye aliyelipigilia, mbele ya pande zote mbili, au halikung'olewa kabisa.

Vita vilipokaa juu ya milima yetu, desturi haikukimbia pamoja na watu. Ilibaki, ikapata kazi mpya.

Wenye bunduki waliokuwa juu walibadili jina karibu kila msimu. Njaa yao haikubadilika. Riziki alikuwa Bwegera na shangazi yetu wakivuna mpunga, mchana mweupe, walipowashukia. Walichagua wenye mgongo wa kubeba. Walipofika chini ya mlima waliwaachia wanawake watu wazima wageuke, shangazi akiwa mmoja wao. Wasichana wakaambiwa waendelee na magunia.

Tulilia. Kisha, kabla machozi hayajakauka vizuri, alikuja mzee mmoja tusiyemjua, akivuta mbuzi mweusi mwenye sikio jeupe. Pembeni yake, akisukuma baiskeli, alikuwa Mwalimu wa Tano.

Nilifurahi. Nilidhani amekuja kukataa.

Mama yangu alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Mwalimu, huyu mutoto hakutoroka. Alichukuliwa na bunduki."

"Najua, mama."

"Basi hii mbuzi ni ya nini?"

Mwalimu aliegemeza baiskeli ukutani. Alizungumza na baba, si na mama. Alisema mbuzi akirudishwa, watashuka kuuliza kwa nini, na watauliza kwa moto. Alisema mbuzi akiliwa, Riziki atakuwa na jina kule juu. "Atakuwa bibi. Bibi ana bwana mmoja. Mateka ni wa kila mtu. Chagua."

"Na kama mutoto hataki?" aliuliza mama.

Shangazi, aliyekuwa amerudi kutoka Bwegera na miguu iliyochubuka, alitoa sauti kavu puani. "Minye pia hawakuniuliza."

Ilikuwa kweli, na wote waliokuwa uani walijua ni kweli. Nadhani ukweli huo ndio uliomchinja mbuzi kuliko woga. Katika nyumba yetu hakuna mwanamke aliyewahi kuulizwa, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba safari hii kuna kitu kimekosekana. Nilikuwa bado mwanafunzi wa Mwalimu. Nilisogea nikamuuliza, kama alivyonifundisha:

"Mwalimu, nani atamuuliza Riziki?"

"Nyumbani si kalasi," alisema. Safari hii hakucheka.

Mbuzi alichinjwa. Paja la msemaji likafungwa kwenye jani la mgomba, likawekwa juu ya baiskeli, na baiskeli ikasukumwa kwenda kwake.

Miaka iliyofuata tuliiita ya neema. Vijiji vingine wavulana walitolewa darasani wakapewa bunduki. Luvungi, wavulana wa shule yetu hawakuguswa. Kwaya iliimba shukrani. Kaka yangu alimaliza la sita, akaenda sekondari, leo ni muuguzi. Mimi nilitumwa Bukavu kwa jamaa za mama, nikasoma, nikafika univasite, na kila mara nilipoulizwa nani alinifundisha kufikiri nilimtaja yeye. Nilimtaja kwa majivuno. Nilijipa sababu za kumtetea: alikuwa mtu mmoja, hana silaha, alifanya alichoweza. Kila jambo la dunia nililitilia shaka isipokuwa hilo.

Riziki alirudi kundi lile lilipogawanyika na kukimbizana lenyewe kwa lenyewe. Wakati huo vita vilikuwa vimetusukuma sisi sote huku Uvira. Alifika na binti mdogo mgongoni, mguu mmoja umekuwa mzito. Hatukumuuliza. Alianza mwenyewe, tukiwa tunamenya maharagwe uani, kwa sauti ya mtu anayesimulia soko lilivyokuwa.

"Kule juu tulikuwa wengi wa Tano," alisema. "Tukitwanga, tulikuwa naimba miji mikuu ya majimbo, vile Mwalimu alitufundisha. Bukavu, Goma, Kindu. Bale wengine waliuliza ni wimbo ya kanisa gani."

Alitwanga, alipika, alifua nguo za wanaume asiowajua majina, alibeba mawe ya madini kutoka mashimoni mpaka pale wanunuzi walipoyapokea. Hakupewa kitu na hakuruhusiwa kwenda mahali. Aliyejaribu kushuka alirudishwa na kupigwa mbele ya wenzake, si kama mfungwa aliyetoroka, bali kama mke asiye na adabu. Mtoto aliyezaliwa alikuwa wa bwana.

Univasite walinipa neno la mtu anayefanyishwa kazi bila hiari, asiyeweza kuondoka, na ambaye hata mtoto wake ni mali ya mwingine. Neno hilo ni mtumwa. Kule juu neno lilikuwa bibi, na lilitoka mdomoni mwa mwalimu wangu, uani kwetu.

"Minye nilijua desturi," Riziki aliendelea. "Nilipoona wanafunga ile mbuzi ya sikio nyeupe kamba, nikajua ni ya kwetu. Nikasema, baba mudogo ataikataa. Mwalimu atamwambia akatae. Ile mbuzi itapanda, na minye nitashuka. Kila siku nikienda kuchota maji, niko naangalia njia." Alimenya ganda moja, akalitupa. "Siku moja ikarudi kamba peke yake. Komanda akacheka. Akaniambia, karibu nyumbani, bibi."

"Mwalimu alikuwa anaogopa, yaya," nilimwambia dada yangu huyo. Bado nilikuwa namtetea.

"Anaogopa?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Alikuwa anapanda kule. Hukujua? Alikaa na komanda, wakakunywa pombe ya kasiksi. Nilimwona na ndoo yangu kichwani. Waliongea mbele yetu, sisi tulikuwa nani? Walipatana: batoto wanaume ba masomo, ba Mwalimu. Mabinti, ba komanda. Na yeye ataleta amani kwa wazazi. Kila mbuzi ilishuka na yeye."

Niliacha kumenya. Nilimfikiria kaka yangu katika koti lake jeupe. Nilifikiria baiskeli ikisukumwa taratibu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Pengine ningemaliza kwa kuchukia na kunyamaza, kama watu wengi hapa wanavyofanya. Lakini yule bwana wa mlimani, aliyemfanya Riziki bibi yake, alishuka. Alivua magwanda, akawa mtu wa pikipiki kule tambarare kama wengine, akatuma ndugu zake kwa baba. Walikuja wamevaa mashati safi. Walisema wanamtaka bibi wao na mtoto wao, na kwamba ng'ombe sasa wapo. Baba zangu wadogo walikaa upande wao. "Mbuzi ililiwa," walisema. Walirudia hilohilo kila mama alipofungua mdomo. Kulikuwa na njia moja tu ya kuwanyamazisha: msemaji aliyeitikia asimame kwenye kikao cha pande mbili Jumapili ile aseme kwamba mbuzi yule alipokewa chini ya bunduki, na kwamba ndoa haikuwapo.

Jumamosi mchana mimi na Riziki tulikwenda Kalundu, kwa mwana wa Mwalimu aliyefanya kazi bandarini, ambako mzee alikuwa akiishi. Njiani nilimuuliza, "Yaya, akikataa?"

"Kurudi sirudi," alisema. "Wanifunge kamba kama ile mbuzi. Lakini kama anakatala, nataka akatale akiwa naniangalia."

Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia katika nyumba za chini za Kalundu. Tulipita juu ya mbao na mifuko ya mchanga. Tulimkuta barazani, mzee sasa, koti lilelile, baiskeli imeegemezwa ukutani haina hata tairi. Alipomwona Riziki, macho yake yalijaa machozi.

"Mama Ziwa!"

Alifurahi kwa kweli. Ningependa kuandika kwamba alijifanya. Hakujifanya, na hilo ndilo sijaweza kumsamehe.

"Ziwa imejaa, Mwalimu," Riziki alisema, akikaa kwenye benchi.

"Imejaa! Umeona? Nilisema." Alicheka, akaita maji ya kunywa. Mkamwana alileta vikombe, akapiga goti.

Nilimweleza kikao. Alisikiliza vizuri, kichwa kimeinama, kama alivyosikiliza zamani. Kisha akaniuliza: "Kaka yako iko wapi leo?"

"Ni muuguzi."

"Unafikiri alifika pale kwa miguu yake?" Kiswahili chake cha kalasi kilikuwa kinamponyoka. "Wangewapa bunduki wote. Minye nilikuwa na kalasi nzima ya batoto. Muntu anaokoa wale anaweza kuokoa."

"Na sisi?" aliuliza Riziki.

"Nyinyi..." Alifungua kiganja, akakitazama. "Nyinyi mulikuwa mutaolewa tu. Leo ao kesho. Nilisema, bibi ni bibi."

"Ulituambia wasichana ndio wa kuuliza," nilisema. "Ulitukalisha mbele."

"Nilitaka mujue kuuliza. Sikusema kila mahali kuna jibu." Alijifuta uso kwa kitambaa. "Mwanangu, nikisimama kesho niseme huyu hakuwa bibi, wale wengine watakuja na wazazi wao. Kila mbuzi itafufuka. Batu wataniita nani? Niache nife na jina langu."

Hapo Riziki aliinua mkono. Alikishika kiwiko kwa mkono wa pili, kama zamani.

"Mwalimu, siku ile kule juu uliniona na ndoo. Uliniangalia. Mbona hukuniuliza kama nataka kushuka na weye?"

Nilisikia mawimbi yakigonga mifuko ya mchanga. Mwalimu alianza kutafuta kandambili zake chini ya kiti. Alisema kuna mazoezi ya kwaya, kwamba amechelewa, kwamba tumsalimie baba. Akavaa, akashika ukuta, akashuka kwenye mbao na kwenda zake. Hakurudisha macho.

Mkamwana alibaki na vikombe mkononi. "Mama, anarudi jioni. Mutamungojea?"

"Tutangoja," alisema Riziki. "Njo sheria yake. Akikimbia swali, tusitoke."

Yule mwanamke alitutazama, akaweka vikombe chini, akafagia baraza akituzunguka. Hakutuomba tuinue miguu. Baadaye alituletea bugali na ndagala, akakaa kwenye benchi na sisi, tukala pamoja.

Jua lilikuwa halijazama nyuma ya milima aliporudi. Alisimama mwanzo wa njia ya mbao, koti limefungwa vifungo vyote, akatuona. Riziki aliinua tena mkono ule. Mwalimu wa Tano aliutazama muda mrefu. Hakumpa ruhusa ya kusema. Riziki hakuushusha.